Kahawa Ambayo Sikuitia Jino

Jumanne, 8 Julai 2025

Kipima unyevu kimekufa. Si betri — Anonciata wa mizani kabadilisha betri mara mbili, kinaandika sifuri tu. Mwenyekiti wa chama chetu cha kahawa, Methodius, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni, anakipeleka Kayanga kwa fundi. Nikamuuliza, na sisi hapa ghalani tupokee vipi? Msimu ndio huu, watu na magunia yao wamejaa mpaka barabarani. Akasema tumia busara yako Xaveria, wewe ndiye karani wa mapokezi, na meno unayo. Akapanda bodaboda, huyoo!

Meno ninayo. Basi nimerudi kwenye upimaji wa wazee. Unachota kiganja katikati ya gunia, unatikisa sikioni — kahawa kavu inalia chakachaka ndani ya ganda. Halafu unaweka punje moja kwenye gego, unabana. Ikikataa jino, imekauka, pita. Ikikubali jino kuingia, bado mbichi, rudi nayo ukaanike. Leo nimetia jino kahawa ya watu ishirini na mmoja. Taya zinauma, hata maharage ya mchana nimeyabwia mazima.

Nimerudisha watatu. Mmoja kaniuliza kama siku hizi nimekuwa daktari wa wanyama, maana nampima kama ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe angeanika vizuri zaidi. Watu wamecheka. Kazi hii naipenda, nisiseme uongo.

Alhamisi, 10 Julai

Sijatulia. Ngoja niandike ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi kaja baba mkwe, Mzee Melkiory, na magunia manne. Kavaa lile koti lake la kanisani. Nikaacha kila kitu nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi — shikamoo baba. Marahaba mwana wangu. Akaingiza mkono mfukoni akanipa akamwani, zile punje za kuchemshwa za kutafuna, kama vile ghala ni sebule yake na mimi ni mgeni kamtembelea. Nikapokea kwa mikono miwili, nikafunga kwenye pindo la kitenge. Watu wote wanatazama.

Sasa mimi nifanyeje? Nimwambie, baba, fungua gunia niitie jino kahawa yako nione kama imekauka? Miaka tisa niko kwenye ndoa, sijawahi hata kula mbele yake. Akiingia sebuleni natoka. Leo nimtemee maganda ya kahawa yake miguuni, mbele ya wanachama! Habari ingefika Muleba kwa ndugu zake kabla ya jioni.

Nikapitisha mkono juu ya gunia la kwanza. Juu juu tu, hata kiganja hakikuzama. Nikasema sawa. Anonciata akanitazama mimi, akatazama mizani, akaita kilo. Ikamwagwa kwenye lundo, ukuta wa mashariki.

Nikajiambia hiyo ndiyo busara.

Aliyefuata ni Nizigiyimana na mkewe Dusabe, wale wa bondeni. Wazee wao walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa Kibingo. Miaka yote alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa za watu. Sasa ana shamba lake, na uanachama kaupata mwaka jana tu. Anonciata akaninong'oneza, hao watie jino vizuri. Nikatia. Ikakataa jino. Badala ya kumpitisha nikazamisha mkono hadi kwapani, nikachota chini kabisa, nikabana tena. Jiwe! Kahawa kavu kuliko zote za leo. Dusabe akacheka, akasema dada karani utatumalizia gunia. Nikacheka na mimi, nikasema pita, ikamwagwa lundo lile lile.

Kwa nini nilirudia? Hakuna mwingine niliyemrudia leo. Najiuliza sasa nikiwa nimekaa, pale sikujiuliza.

Jumatano, 16 Julai

Mungu wangu.

Lundo la ukuta wa mashariki lina joto. Anonciata kaligundua alipoliegemea. Nikazamisha mkono — ndani kama uji wa moto. Nilipouvuta nje ulinuka koga. Tumelifungua kwa sepetu, katikati punje zimeota nywele nyeupe, zimeshikana mabonge. Mapokezi yote ya Alhamisi! Na wanunuzi walikuwa waje Ijumaa kuangalia kahawa kabla ya mnada. Methodius kawapigia simu kuwaambia wasije, uso umemjaa jasho.

Akafunga mlango wa ghala. Tulikuwa mimi, yeye na Anonciata tu. Hakufoka, ningependa angefoka. Akasema kahawa haioti koga yenyewe, kuna mtu kaleta mbichi siku ile. Xaveria, wewe ndiye uliyepima. Fikiri. Kuna mtu ulimtilia shaka ukarudia jino?

Nikasema, Nizigiyimana nilimrudia mara mbili.

Basi. Hayo tu. Akapiga kiganja ukutani, akasema nilijua! Nami nikanyamaza. Hakuniuliza jino lilisema nini, na mimi sikumwambia. Anonciata alikuwa anasoma simu yake, simu iliyozimika chaji tangu asubuhi.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimelirudia hilo njia nzima mpaka nyumbani. Halinisaidii.

Ijumaa, 18 Julai

Barua imeshatoka. Kahawa ya Nizigiyimana isipokelewe tena mpaka mkutano wa wanachama, Alhamisi ijayo, ambapo watajadili kumfuta. Nimeibandika mwenyewe mlangoni, kwa gundi na mikono yangu miwili. Bila chama hana pa kupeleka kahawa yake. Atarudi kuchuma za wengine.

Na maneno yameanza! Sasa si kahawa mbichi tena, ni kwamba waliiloweka maji usiku ili iongeze uzito. Sasa si Nizigiyimana tena, ni "hao". Kule dukani nimemsikia mama mmoja anasema watu wa kuja hawana uchungu na chama chetu. Mtu kazaliwa kabla yangu, hapa hapa! Nilinunua sabuni nikaondoka. Sikufungua mdomo.

Nimemwambia Elick. Mume wangu alikuwa anakarabati tairi la baiskeli, akaacha. Akaniuliza, una hakika ni ya baba? Nikasema sina hakika, ndiyo maana yenyewe, sikuitia jino! Ndiyo pekee ambayo sikuitia jino. Akafuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema baba ni mzee wa kanisa, ni mjumbe wa bodi, ana miaka sabini na nane, hajawahi kuitwa mwizi. Na wewe utaambiwa ulimpendelea, kazi huna. Akasema, kwa upole kabisa, mama Winston, hapa inatakiwa busara.

Neno hili limenichosha. Methodius akilitamka maana yake amua wewe ili lawama iwe yako. Elick akilitamka maana yake funga mdomo. Kwenye tangazo la kazi hii waliandika "awe mtu mwenye busara", na mimi nikajiona ndiye. Mama yangu, siku naolewa, alinifundisha kitu kimoja tu kuhusu ukweni: ona, usione. Alikiita hivyo hivyo, busara. Nilidhani ni akili ya kujua lipi lisemwe na lipi lisisemwe. Kumbe mimi nimejifunza nusu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Baba mkwe kasoma somo. Kashika kitabu kwa mikono inayotetemeka, kasoma polepole, bila kosa. Nampenda mzee huyu, hilo ndilo linaloniua. Nilipojifungua Winston alituma mkungu wa ndizi kila wiki, miezi mitatu.

Dusabe alikuwa kaketi benchi la nyuma na watoto. Benchi zima peke yao, na kanisa limejaa hadi watu wamesimama.

Jumatatu, 21 Julai

Dusabe kaja nyumbani kwangu. Nilimwona tangu kule kwenye migomba nikasema, leo nasutwa, na nastahili. Nikaweka maji ya chai. Nikajipanga.

Hakunisuta. Kakaa kwenye kigoda, kakutanisha viganja, akasema dada, nimekuja unielekeze. Sisi tulianika siku kumi na sita kwenye turubai, tukigeuza mara nne kwa siku, jioni tunafunika. Lakini wewe ndiye unayejua, kama ulirudia jino ni kwamba uliona kitu. Tulikosea wapi? Mume wangu hali. Anakwenda kwenye turubai anazitazama punje tu.

Anachojua ni kwamba mimi najua!

Nikasema twende nikaone. Sijui kwa nini nilisema hivyo, labda sikutaka anitazame tena kwa macho yale. Tukashuka bondeni. Kahawa yao imetandazwa kwenye turubai mbili, nyembamba, imesawazishwa kwa reki, hakuna hata jani. Nizigiyimana akasimama, akavua kofia. Nikachota, nikabana. Tak! Karibu nivunjike jino. Nikabana nyingine. Wote wawili wanatazama mdomo wangu.

Ningesema pale. Midomo ilishafunguka. Nikasema — nikasema wapunguze unene kidogo, na wageuze mara tano badala ya nne. Nizigiyimana akarudia, mara tano, kama mtoto wa darasa la kwanza. Dusabe akaninyooshea mfuko wa maharage mabichi, nikakataa, akalazimisha, nikachukua.

Maharage yapo hapo jikoni. Sijayapika. Winston anauliza kwa nini hatuyali, nimemwambia yana wadudu.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda ukweni kusaidia kumenya ndizi, mama mkwe ana mgongo. Kisingizio. Nilikwenda kuona.

Imetandazwa ndani! Chumba cha pili, sakafuni, kimo cha kifundo cha mguu, dirisha limefungwa. Mama mkwe kasema mwaka jana wezi walizoa kahawa ya jirani uani, basi mzee kaamua yeye ataanika chini ya paa lake. Wazungu wanaonunua kahawa yetu wangelia. Mama mkwe akaenda kuchota maji, nikachukua punje moja haraka haraka, nikaitia jino, mgongo nimegeuzia mlango kama mwizi. Jino likazama. Laini kama karanga ya kuchemsha.

Basi sasa nina hakika. Kisingizio changu cha mwisho kimekwisha.

Baba mkwe kanikuta naosha mikono. Nikapiga magoti. Alikuwa na furaha, kasema Alhamisi ataleta ghalani magunia mengine mawili. Kasema zamani mwana wangu nilikuwa naipima kwa jino, sasa — akafungua kinywa akanionyesha fizi, akacheka — sasa naipima kwa siku. Siku kumi na nne, hesabu yangu haijawahi kukosea.

Hajui. Hadanganyi mtu! Hana meno ya kujua, na sisi wenye meno hakuna anayemwambia. Mkewe anaona, hasemi. Elick nadhani alijua tangu zamani. Sote tunamheshimu hivyo hivyo mpaka tumemfanya mwongo.

Nikajikaza. Nikasema baba, jua la leo kali sana, tuitoe nje niwasaidie kuigeuza? Akacheka tena. Akamwambia mama mkwe, tazama, karani anataka kutuletea ofisi nyumbani. Nikasema ego waitu, ndiyo baba, nikainama kumenya ndizi. Nimejikata kidole.

Jumatano, 23 Julai

Leo nilikuwa nimeamua. Haki ya Mungu nilikuwa nimeamua. Nimefika ghalani kabla ya Anonciata, nikamkuta Methodius anapanga viti vya mkutano. Nikasema mwenyekiti nina neno kuhusu lile lundo.

Aliweka kiti chini polepole. Akasema kabla hujaniambia, Xaveria, nikuulize. Neno lenyewe litarudisha kahawa iliyooza? Nikasema hapana. Litaleta wanunuzi? Nikasema hapana, lakini Nizigiyimana — Akanikatiza. Akasema Nizigiyimana ni kijana, ana nguvu, mwakani ataomba uanachama upya na mimi mwenyewe nitamtetea. Lakini kuna watu wakivunjika hawaungiki. Wewe ni mtu wa busara, ndiyo maana tulikupa kazi hii. Halafu akaniuliza kama viti arobaini vitatosha.

Anajua! Huyu mtu anajua tangu siku ile alipofunga mlango. Hakuniuliza ya baba mkwe makusudi. Aliniuliza nilimrudia nani, akijua kabisa nitakayemrudia ni nani.

Nikasema viti vitatosha. Nimepanga mstari wa mbele mwenyewe. Nimerudi nyumbani nina hasira naye, halafu nikakumbuka, yeye hakuwa na neno la kushuhudia, mimi ndiye niliyekuwa nalo. Nimelibeba tena nimerudi nalo.

Elick kaniuliza umesema? Nikasema hapana. Kashusha pumzi, nikamchukia kidogo.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika nyuma ya ghala, nimeketi kwenye kreti la soda. Haraka. Wamenipa ruhusa ya kusuuza kinywa.

Mkutano ulikwenda kama walivyoupanga. Methodius kaeleza, watu wamenung'unika, mmoja kasema afutwe tumalize tukachume. Baba mkwe alikuwa meza ya mbele na bodi. Kasema kwa huzuni ya kweli kwamba chama ni kama kanisa, anayeleta uchafu anawachafua wote. Kasema yeye hana ugomvi na kijana huyu, ila mkwe wake hawezi kukosea, jino lake ndilo mizani ya chama. Wakanipigia makofi! Nilitazama sakafu.

Ndipo Nizigiyimana kasimama. Hajawahi kusema mkutanoni, kofia kaishika kifuani. Kasema sina maneno mengi. Nimekuja na kiroba cha kahawa yangu, iliyoanikwa turubai moja na ile iliyooza ghalani. Dada karani aitie jino hapa, mbele yenu. Na kila aliyeleta Alhamisi ile, aliye na kahawa yake hapa, naye itiwe jino. Ikiwa ni yangu tu iliyo mbichi, nitajifuta mwenyewe.

Methodius akaanza kusema utaratibu hauruhusu — lakini watu walishasema sawa, ni haki, itiwe! Kiroba kikafunguliwa mezani. Nikabana. Sauti yake imesikika mpaka nyuma. Nikaitema kiganjani, nikainyanyua wakaona: haina hata alama. Nikasema kavu. Neno moja. Nilimwona Dusabe mlangoni kafunika uso kwa kanga.

Watu wakaanza kutazamana. Nani mwingine ana kahawa hapa?

Na huyu mzee wangu, Mungu wangu, huyu mzee — akainuka kabla ya wote. Anajivuna, anatabasamu. Kasema nianze mimi, wadogo waone mfano, magunia yangu mawili yako pale mlangoni yametoka nyumbani asubuhi hii. Elick alikuwa kasimama karibu na mlango, nikaona rangi inamtoka. Baba mkwe kaenda mwenyewe, kafungua gunia kwa mkono wake, kachota. Kaja hadi mbele yangu na kiganja kimejaa. Nikapiga magoti kwa mazoea tu. Watu wamecheka, kwa upendo, wamesema hapana mama, leo simama.

Nikasimama. Sijawahi kumtazama usoni hivi karibu. Akasema chukua mwana wangu, usinionee haya, hii ni kazi.

Nikaomba maji ya kusuuza kinywa.

Sasa niko hapa. Punje iko mkononi, nimetoka nayo bila kujua. Nimeibonyeza kwa ukucha, ukucha umeingia. Nikiibana mbele yao nikaitema, wataona alama ya jino. Nikiitafuna yote nikameza, nikasema kavu, hakuna atakayejua. Hata yeye. Atarudi kwenye kiti chake, wataita anayefuata, wataita tena, wote watakuwa wakavu na koga itabaki haina mwenyewe, na wakikosa mwenyewe watarudi kwa yule yule wa bondeni.

Anonciata kachungulia kona. Kasema Xaveria, wanakungoja. Kasema mzee hajakaa, kasimama pale pale, kiganja bado kakiweka wazi.